Baba Alikula Akitembea

Kengele ya chakula ilipogongwa, wazee wote wa nyumba ya masista waliingia ukumbini isipokuwa baba yangu. Yeye alikuwa amesimama langoni, fimbo ameilaza mabegani na mikono yote miwili ameininginiza juu yake, anaitazama barabara ya kwenda Maswa. Mimi ndiyo kwanza nilikuwa nimeshuka kwenye lori la wanunuzi wa pamba, vumbi limenijaa hadi kwenye kope, mzigo wangu wa mitumba bado uko kichwani.

"Mwadila, baba," nikamsalimu salamu ya jioni.

"Mwadila, mayu." Mayu ni mama, ndivyo wazee wetu wanavyowaita binti zao. Hakugeuka.

"Chakula kiko tayari. Wenzako wameshakaa."

"Ng'ombe hawajarudi," akasema. "Nile vipi?"

Hao ng'ombe walikuwa wameondoka miaka kadhaa nyuma. Kaka yangu, mkubwa wetu, aliwaswaga kwenda kusini, mbali kabisa, kwa sababu kwetu mashamba ya pamba yalikuwa yamemaliza ngitili, yale malisho tuliyokuwa tunayatunza kwa ajili ya kiangazi. Baba mwenyewe ndiye aliyesema waende. Mama alikuwa ameshafariki. Katika boma letu, mwendo wa nusu siku kutoka Bariadi mjini, tukabaki mimi na baba na kuku.

Niseme ukweli, mimi sikuumbwa kwa kutulia. Niliolewa, nikaachika, nikalima pamba misimu miwili nikaona jembe linanichelewesha. Zilipofika zile siku tulizoziita za ruksa, kila mtu auze anachotaka na anunue anapotaka, nikaingia kwenye mitumba. Leo niko mnadani Mwandoya, kesho kutwa Nyalikungu, siku nyingine nimeshuka hadi Kalemela ziwani, nauza mashati na kurudi na dagaa. Nilikuwa nakula nimesimama. Usiku nalala naota nafunga mzigo. Baba alikuwa akinicheka, akisema mimi ni kama mtamba aliyekosa kamba.

Kisha na yeye akaanza kutotulia, lakini kwa namna nyingine.

Mwanzo alikuwa anasahau vitu vidogo. Aliuliza mama ameenda kuteka maji wapi, mbona anachelewa. Baadaye, kila jua lilipoanza kushuka, mwili wake ukawa unamkataza kukaa. Anachukua fimbo, anatoka. Anaingia kwenye mazizi ya watu, anawapapasa ng'ombe migongoni, anawahesabu kwa sauti. Wenye mazizi walimjua tangu utotoni, wakawa wanamrudisha kwa heshima. Lakini mwaka ule ndama walikufa wengi. Mzee anayeingia kwenye zizi la mtu magharibi na kuwashika ng'ombe wake, halafu wiki ya pili ng'ombe wanakufa, hujui watu watasemaje? Kwetu maneno ya namna hiyo yameshawaua wazee wasio na hatia, hasa bibi zetu. Jirani mmoja mwanamke, rafiki wa mama, alikuja kwangu akijifanya anataka kununua blauzi. Akaishika ile blauzi, akaigeuza, akasema bila kunitazama, "Mwondoe baba yako hapa. Usingoje mvua."

Sikungoja. Nje kidogo ya mji wa Bariadi kulikuwa na nyumba ya wazee iliyoendeshwa na masista. Wengi waliokuwemo walikuwa bibi waliokimbia vijijini kwa sababu ambazo hakuna aliyezitaja. Sista msimamizi, mwanamke mrefu mwenye sauti ya chini, alinipokea. Akaniuliza baba anapenda kula nini. Nikamwambia maziwa mgando, ugali wa mtama, mlenda, na michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwakatwa na kukaushwa ambavyo kila mchungaji kwetu hutia mfukoni. Akaandika. Nikadhani kazi imekwisha.

Nyumba ile ilikuwa na utaratibu. Kengele inagongwa, wazee wanakaa kwenye mabenchi, wanasali, wanapewa ugali na maharage, wanakula, sahani zinaondolewa, wanalala. Utaratibu huo ulikuwa mzuri kwa watu wanaokumbuka kwamba kengele ni chakula. Kwa baba kengele haikuwa kitu. Saa ile watu wanakaa mezani ndiyo saa ambayo maisha yake yote alikuwa amesimama kwenye mdomo wa zizi, anatazama nani ameingia na nani amepotea. Mwenye ng'ombe hali kabla ng'ombe hawajaingia. Hilo hakulisahau, hata aliposahau jina langu.

Mlezi wake, kijana wa kiume mpole aliyewaita wazee wote guku, yaani babu, alijaribu kumdanganya. "Guku, wamesharudi. Njoo ule."

"Wamerudi wangapi?"

Yule kijana akataja idadi yoyote. Baba akamtazama kwa huruma kama mtu anayemtazama mwizi asiyejua kuiba. "Na yule mwenye pembe iliyovunjika, nani amemleta?"

Baba akarudi langoni.

Masista walikuwa na ng'ombe wao wawili wa maziwa, wale wakubwa wa madoa meusi na meupe. Sista akaagiza waletwe mbele ya baba jioni, pengine moyo wake utatulia. Baba akawazunguka, akawapiga makofi mapajani, akasema, "Wazuri. Lakini hawa ni wa masista." Akaenda zake.

Nilipomshika mkono jioni ile niliyokuja na vumbi, niliukuta mwembamba. Saa aliyokuwa akiivaa mkononi, ambayo ilikuwa imesimama zamani, ilikuwa imepanda hadi karibu na kiwiko. Nikaingia jikoni, nikaomba ugali, nikaumega, nikaubonyeza tonge kwa tonge na mlenda ndani, nikaweka kwenye bakuli na kutoka nalo. Sikumwambia akae. Nilimwambia, "Twende tukawatazame."

Tukatembea kando ya uzio, yeye mbele, mimi ubavuni. Nikampa tonge mkononi. Akalitazama, akalitia mdomoni, akatafuna, akaendelea kutembea. Nikampa la pili. Tulizunguka uwanja ule mpaka giza likaingia na bakuli likaisha, na sikumbuki kama mimi mwenyewe niliwahi kufurahi hivyo kwa kumwona mtu anameza.

Sista alikuwa amesimama kibarazani anatuangalia. "Si adabu kula mtu anatembea," akasema, lakini akicheka.

"Sista, mimi ndivyo ninavyokula kila siku."

Kuanzia hapo ikawa ndiyo desturi yake. Mlezi alimtembeza na matonge. Nilipokuwa safarini alitiwa mfukoni michembe iliyochemshwa, akala kidogo kidogo akizunguka. Mwili ukarudi. Saa ikashuka kwenye kifundo cha mkono.

Lakini ruksa nayo ilikuwa imeingia mpaka ndani ya uzio ule. Zamani sukari ilikuwa ya foleni. Ukiipata unaificha, unawapikia chai wageni wa maana. Baba alizeeka na meno meupe kabisa, akisugua kwa kijiti cha mswaki asubuhi huku akihesabu ng'ombe wakitoka. Sasa maduka ya Bariadi yalijaa pipi za kila rangi, biskuti za pakiti, soda zilizopangwa kama matofali. Jumapili watu walikuja kuwatembelea wazee, na kila mtu alikuja na mfuko wa vitamu. Wazee walipenda. Baba zaidi ya wote, maana pipi haikumtaka akae. Akiwa nayo shavuni anatulia kidogo, hasumbui, hagombani na mlango. Basi walezi wakampa asubuhi, wageni wakampa mchana, na mimi nilipotoka mnadani nilimletea. Tulikuwa tunashukuru tu kwamba ametulia. Na kijiti cha mswaki hakuna aliyekumbuka kumkatia. Kulikuwa na mswaki wa dukani wa plastiki, umesimama kwenye kopo dirishani. Alipopewa aliugeuzageuza, akautumia kukuna mgongo.

Halafu, mwanzoni mwa msimu wa kuvuna pamba, akaacha kula tena.

Sikuwepo ilipoanza. Nilikuwa Mwandoya, ambako wakulima walikuwa wameshauza na kila mtu alitaka shati. Niliporudi mlezi alinipokea langoni kabla sijatua mzigo. Mkono wake ulikuwa na alama ya meno.

"Dada, guku amebadilika. Ukimletea tonge anakupiga. Jana ameniuma."

"Tangu lini?"

"Tangu juma lililopita. Anatia mdomoni, anatema. Anashika shavu. Anasema chakula kina sumu."

Nikamkuta baba anatembea kwa kasi isiyo ya kawaida, anakwenda na kurudi ukutani, anaguna. Nikamtolea dagaa laini niliowatoa Kalemela safari iliyopita, akasukuma mkono wangu. Nilimpekua mifuko yake, nikakuta vipande vya michembe vilivyolowa mate na kurudishwa, vimeota ukungu.

Sista aliniita ofisini. Akanikalisha, jambo nisilolipenda, maana nikikalishwa najua ni habari mbaya. "Binti," akasema, "ugonjwa huu wa kusahau una hatua zake. Inafika siku mzee anasahau hata kutafuna. Hatumlazimishi. Tunamwombea na kumpa maji."

"Sista, hajasahau kutafuna. Amemtafuna mlezi."

Hakucheka. "Jiandae moyoni," akasema.

Nikamtuma mtu aliyekuwa anasafiri kusini amwambie kaka yangu kwamba baba hali chakula, aje. Juma likapita, baba akinywa maji na maziwa kidogo tu, nami nikajiandaa kwenda mnadani, kwa sababu nilishindwa kukaa pale. Nikafika stendi, nikapandisha mzigo kwenye lori, nikashuka, nikaushusha mzigo. Utingo akanifokea. Nikarudi kwa miguu, mzigo kichwani, najisemesha njiani kama mwendawazimu: anashika shavu, anatia mdomoni, anatema. Anataka kula. Mtu asiyetaka kula hatii mdomoni.

Nilimkuta amesimama kwenye jua, kwenye ukuta wa jiko. Nikamsogelea. Kinywa chake kilinuka kitu kilichooza. Nilikuwa nimeisikia harufu ile siku nyingi nikadhani ni harufu ya uzee.

Nilipokuwa msichana, kaka akiwa shuleni, mimi ndiye niliyemshikia baba kamba mnadani. Mnunuzi akija hutaka kujua umri wa dume, na umri wa ng'ombe uko mdomoni. Baba alinifundisha kumfungua kinywa. Ng'ombe huvuti taya yake, atakushinda nguvu. Unasimama ubavuni, unamwekea mkono wako begani kwanza ajue upo, halafu unapitisha vidole pembeni mwa mdomo, pale pasipo na meno, taratibu, na yeye mwenyewe anaachia. Nilikuwa nimefungua vinywa vya madume wengi kwa mkono huu. Kinywa cha baba yangu sikuwahi hata kukiangalia. Mtoto wa kike hamtii baba yake vidole mdomoni.

Nilinawa. Nikasimama ubavuni mwake, tukatazama mbele wote wawili kama watu wanaongoja kitu. Nikamwekea mkono begani. Nikazungumza naye kuhusu mvua. Kisha nikapitisha kidole kwenye pembe ya mdomo, nikateleza ndani ya shavu, nje ya meno. Akashtuka, lakini hakuuma. Taratibu akaachia.

Nikaelekeza uso wake kwenye jua. Huko nyuma, kati ya shavu na fizi, kulikuwa na donge la chakula la siku nyingi, limeganda. Nililitoa kwa kidole na kitambaa. Chini yake gego lilikuwa limetoboka hadi kubaki kama kikombe kilichovunjika, na fizi iliyolizunguka ilikuwa imevimba na kung'aa. Nilipoigusa usaha ukatoka. Baba akatoa sauti ambayo sijawahi kuisikia kwake. Akanitazama usoni kwa mara ya kwanza baada ya miezi mingi, akasema, "Mayu, panauma hapo."

Nilikimbia kumwita Sista. Alikuja, akainama, akatazama, akajishika kifua. "Mungu wangu," akasema. "Na sisi tulikuwa tunampa maharage."

Alimpa dawa ya maumivu na maji ya chumvi ya kusukutua, ambayo baba aliyameza yote. Tukakubaliana asubuhi tumpeleke hospitali ya wilaya kwa daktari wa meno.

Jioni hiyo kaka akaingia. Alikuwa ameshapata habari, amesafiri siku kadhaa, koti lake refu limejaa vumbi la nchi nyingine. Alipomwona baba amesimama langoni alimpigia magoti. Baba akampokea kwa adabu zote, akamuuliza habari za safari, kisha akamuuliza, "Wewe ni mnunuzi? Leo sina wa kuuza."

Kaka akanyanyuka. Machozi yake yakageuka hasira, na hasira ikaniangukia mimi. "Umemtupa baba kwenye nyumba ya wasiozaa! Ana watoto, ana ng'ombe, anakaa na watu wasiojua hata ukoo wake. Ndiyo maana hali!"

"Na wewe ulikuwa wapi?" nikasema. "Ulimwachia nani? Wanakijiji walitaka kumfanya mchawi. Hujui chochote, umekuja na koti."

"Biashara zako ndizo zilizokuzuia kumtunza!"

"Biashara zangu zinamlisha!"

Sista akatokea akatuambia tunawatisha wazee. Nikamwambia kaka, kwa sauti ya chini, "Asubuhi tunakwenda kung'oa jino. Utakuja au utabaki hapa unanitukana?"

Alikuja. Tulikwenda wanne kwenye pikapu ya masista: baba, kaka, mlezi na mimi. Wakati ule hospitalini kila kitu kilikuwa cha kuchangia, hata glavu tulinunua duka la nje. Daktari wa meno alikuwa kijana mnene mwenye mikono midogo. Chumba chake kilikuwa na kiti kimoja cha chuma kinachoegemea nyuma. Baba akakiona kiti kile akageuka kutoka. Tulipomzuia akainua fimbo. Daktari akasema, "Mwacheni. Nami nitatoka."

Nyuma ya jengo palikuwa na ua mdogo wenye jua na ukuta wa matofali. Daktari akaja na koti lake jeupe, koleo na sindano ya ganzi kwenye sinia lililofunikwa. Baba alipoliona lile koti jeupe uso ukamfunguka. Akavua kofia.

"Bwana mifugo," akasema. "Umekuja kuchanja?"

Daktari akanitazama. Nikamwambia haraka kwamba bwana mifugo alikuwa akija bomani kwetu miaka yote, na baba alimheshimu kuliko diwani. Yule kijana hakusita hata kidogo.

"Ndiyo, mzee. Nimekuja kuchanja. Tunaanza na yupi?"

"Na huyu wa mbele, ndiye mkali," baba akasema. Akamgeukia kaka yangu. "Wewe, mnunuzi, usisimame tu. Shika kichwa. Kishike vizuri, la sivyo atakurusha."

Kaka akasimama nyuma ya baba, akamwegemeza kwenye kifua chake, akakishika kile kichwa cheupe kwa mikono miwili. Mimi nikapitisha kidole shavuni kama jana, baba akaachia, sindano ikaingia. Alinguruma. "Shika!" akafoka, na kaka akashika, machozi yakimdondokea baba kwenye upara. Tukangoja ganzi ifanye kazi, baba akitueleza jinsi ya kumfunga dume miguu. Kisha koleo. Gego lilitoka vipande, na kila kipande kilichotoka daktari alikuwa anasema, "Vizuri, mzee, dume zuri sana hili."

Baba akatema damu, akajipangusa. "Tumemaliza?" akauliza. "Wamebaki wangapi?"

Daktari akainama akamtazama mdomoni tena. "Wamebaki wawili, mzee. Hao tutawachanja siku nyingine."

Hapo ndipo kaka alipoanza kucheka, na mimi nikacheka, na mlezi akageukia ukutani mabega yakimtikisika. Baba alitutazama sote kama watu wasio na akili.

Siku ya tatu alikula. Uji wa mtama kwanza, wa uvuguvugu, kisha ugali mlaini kwa maziwa mgando, akitembea. Wiki mbili baadaye tulirudi kwa wale "wawili".

Sista hakuwa mtu wa kurudia kosa. Aliagiza kila mzee aangaliwe mdomo, na yeye mwenyewe akaanza nao. Tuliyoyakuta siwezi kuyasema yote. Kulikuwa na bibi mmoja aliyekuwa haongei, ambaye kila mtu alidhani ana meno yake. Yalikuwa ya bandia. Yalikuwa yamekaa mle bila kutolewa kwa muda ambao hakuna aliyeujua, na fizi ilikuwa imeanza kuyameza. Yalipotolewa na kidonda kupona, bibi yule akaanza kuimba. Wakamrudishia meno yale mchana, wakayatia kwenye kikombe cha maji usiku. Maharage yakawa yanapondwa. Mkate ukalowekwa kwenye chai. Wageni wa Jumapili waliambiwa walete ndizi mbivu na mayai, na wengine walinuna, wakasema masista wanawanyima wazee raha yao ya mwisho.

Kwa baba, mlezi alikata kijiti cha mswaki porini, akakitafuna ncha mpaka ikawa laini. Hakumpa. Alisimama mbele yake asubuhi akaanza kusugua cha kwake. Baba akanyoosha mkono, akadai cha kwake, akasugua. Zile sehemu zisizofikika walimpangusa kwa kitambaa kilicholoweshwa maji ya chumvi, mkono begani kwanza, kidole ndani ya shavu. Siku nyingine alikubali, siku nyingine alikataa na wakamwacha mpaka mchana.

Kaka alikaa nasi karibu mwezi. Alijifunza kumlisha. Alikuwa anazunguka naye uwanja ule na bakuli, koti lake likiburuzika, wakizungumza bei ya ng'ombe. Baba hakumjua kamwe kuwa ni mwanawe, lakini alimpenda kama mnunuzi mwaminifu. Siku moja kaka akaniambia anataka kwenda naye kusini.

"Huko kuna ng'ombe wake," akasema. "Akiwaona atatulia."

"Na nani atamwangalia mdomo? Wake zako?"

Alifikiri sana. "Wake zangu watasema ni aibu," akakiri. Aliondoka peke yake. Langoni baba alimpa mkono, akamwambia arudi baada ya mavuno.

Miaka miwili na ushee baba aliendelea kula. Nilipunguza safari za mbali, ingawa kukaa kulinitesa. Nikipata siku tatu mfululizo mjini miguu inaniwasha. Baadaye hatua aliyoisema Sista ilifika kweli. Uji ukawa unampalia. Akawa anaukalisha mdomoni, hajui tena umfanyeje. Safari hii nilimfungua kinywa, nikatazama kila upande kwenye jua, na hapakuwa na kidonda. Kilikuwa kinywa safi cha mzee aliyechoka. Sista akauliza kwa macho, nami nikatikisa kichwa. Hatukumlazimisha. Nilikuwa nalowesha kitambaa kwa maziwa nampitishia midomoni, na alikuwa analamba. Alifariki asubuhi moja ya masika, akiwa amelala, jambo lililonishangaza, maana nilizoea kumwona amesimama.

Tulimzika bomani. Wale waliokuwa wakinong'ona juu yake walikuja, wakachimba kaburi, wakalia. Niliwamiminia maji ya kunawa. Kaka alichinja dume, watu wakala. Nikamwona amekaa pembeni, anatafunia upande mmoja, kisha anatoa nyama mdomoni kwa siri na kumpa mbwa.

"Una nini?" nikamuuliza.

"Sina kitu. Ni majonzi."

"Fungua mdomo."

"Niache bwana, watu wanatazama."

Kesho yake nilimpeleka Bariadi kwa nguvu. Yule daktari mnene alitukumbuka mara moja. Kaka, mtu mzima, mwenye wake na ng'ombe wasiohesabika, alikataa kukaa kwenye kile kiti cha chuma, akasema hewa ni nzito, akasema atarudi kesho. Mwishowe alikaa, akinishika mkono mpaka vidole vyangu vikafa ganzi kabla ya fizi zake.

Daktari alipokuwa anangoja dawa ikolee, aliegemea dirisha, akatabasamu. "Na mzee wetu?" akauliza. "Bado anakula vizuri?"

Kaka hakuweza kusema, mdomo wake ulikuwa umeshakufa ganzi. Alinitazama mimi.

"Alikula," nikasema. "Alikula mpaka alipochoka."